Mtoto wa miaka mitano anasomea nyumbani: siku yake ipangwe vipi?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Morogoro. Tulihama Dar es Salaam mwezi wa sita, mwanangu wa kiume akiwa darasa la awali. Shule ya serikali iliyo karibu nasi wameniambia darasa limejaa, nimlete Januari aanze la kwanza, maana Desemba anatimiza miaka 6. Za binafsi ada zimenishinda. Nikaamua nimfundishe mwenyewe. Nimebandika ratiba ukutani: saa 2 mpaka saa 6, Hesabu, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi, mapumziko saa 4. Wiki ya kwanza ilienda. Sasa nikimwita anajifungia chooni, nikimkalisha analia, na nimeshamchapa. Anaimba a, be, che, de mpaka mwisho, lakini ukimwandikia "mama" hawezi kulisoma. Baba yake ni bodaboda, anasema namharibu mtoto, nimwache acheze mpaka Januari. Naomba unipangie siku yake, asubuhi mpaka jioni. Na Kiingereza nikiweke wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na fimbo, kwa sababu hiyo isipotoka, yote nitakayoandika hapa chini ni bure. Iache leo. Mtoto anayechapwa kwa kukosea silabi haijui silabi zaidi. Anajua tu kwamba karatasi inauma. Wengine hufika darasa la tatu bado wanainamia daftari na kukisia, macho yakiwa kwa mwalimu badala ya kwenye neno, wanamsoma uso kujua kama wamepata. Huyu wako anayejifungia chooni si mkaidi. Ametafuta mlango wenye komeo, akaupata.

Baba yake naye hajakosea sana, ila tutamrudia.

Tatizo lako ni ile ratiba. Umeichukua shuleni kama ilivyo, na shule ina sababu zake za kukaa saa nne. Mwalimu wa awali ana watoto 60, pengine zaidi ya 100, chumba kimoja. Katika hizo saa, muda ambao mtoto mmoja anatazamwa yeye anavyoshika penseli, au anasikilizwa yeye anavyotamka, ni dakika chache mno. Muda uliobaki ni kupanga mstari, kunywa uji, kusubiri wenzake, kugawa na kukusanya madaftari, kunyamazishwa. Wewe una mtoto mmoja. Ukimkalisha saa nne, umempa kitu ambacho hakuna shule inayompa: saa nne za kutazamwa na mwalimu bila kupumua. Hata mimi ningetafuta choo.

Kwa hiyo siku ninayokupangia ina masomo ya kukaa yasiyofika saa nzima, tena yamekatwa vipande. Kujifunza kwingine kote kutafanyika kwenye vifungo vyako, jikoni, gengeni, uani, na katika maneno unayozungumza naye. Usidhani hiyo ni nafuu ninayokupa kwa sababu una kazi. Hata ungekuwa huna cherehani ningekupangia hivyohivyo.

Lakini usianze kesho. Kesho bandua ratiba ukutani, akiwa anaona. Kisha wiki nzima usitamke neno "kusoma" ndani ya nyumba. Mwite akusaidie tu: nipangie vifungo hivi, nishikie kitambaa hapa, nihesabie vitunguu. Usimuulize maswali ya kumpima ("hii ni rangi gani? hii ni ngapi?"), maana watoto wanajua swali la mtihani hata ukilivalisha vipi. Akirudi kukaa karibu na cherehani yako bila kuitwa, hapo ndipo tunaanza.

Sasa asubuhi. Wateja wako naamini hawaanzi kugonga kabla ya saa 4, kwa hiyo kipande cha kwanza kiwe mara baada ya chai, kwenye saa 2 na nusu. Kabla ya hapo ana kazi zake: atandike kitanda chake, apige mswaki, avae shati mwenyewe na kufunga vifungo mwenyewe hata kama itachukua muda na kimoja kiende tundu la jirani. Usimmalizie. Vidole vinavyofunga vifungo ndivyo vitakavyoshika penseli, na mwalimu wa la kwanza hatakuwa na nafasi ya kuwavalisha watoto mia sweta.

Kipande hicho cha kwanza ni kusoma, dakika 10 hadi 15, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo ulipokwama.

Umesema anaimba a, be, che, de lakini "mama" hawezi. Hilo halinishangazi. Alichofundishwa ni majina ya herufi, na majina hayasomeki. Mtazame anavyofikiri: herufi ya kwanza inaitwa "me", ya pili "a", ya tatu "me", ya nne "a". Akiunganisha anapata "meamea". Amefanya alivyoambiwa na jibu limekuwa kosa, kisha akachapwa. Anachohitaji ni sauti, na katika Kiswahili sauti hukaa vizuri zaidi ndani ya silabi. Tuna irabu 5 tu, kila moja ina sauti yake moja popote utakapoikuta, na silabi karibu zote huishia na irabu. Mtoto akielewa ufundi huo kwa herufi chache, zilizobaki anazifungua kwa haraka ya kukushangaza.

Chukua boksi tupu, kata vikadi vya ukubwa wa kiberiti. Andika kwa kalamu nzito na kwa herufi ndogo, si kubwa: a, e, i, o, u. Kisha herufi tatu tu: m, k, t, kila moja na irabu zake. Ma me mi mo mu, ka ke ki ko ku, ta te ti to tu. Hizo ni silabi 15 na irabu 5, jumla 20. Tengeneza kila kadi mara mbili uwe na 40, maana bila "ma" mbili huwezi kuandika mama. Ongeza na "m" mbili zinazosimama peke yake, nitakuambia za nini.

Anza na irabu mpaka azitambue zikiwa zimechanganywa. Halafu m. Usiseme "me". Funga midomo uvute sauti, mmmmm, kisha ufungue kwenye a: mmmaaa. Mwache aguse koo lako asikie linavyotetemeka. K na t hazivutiki hivyo, kwa hiyo usijisumbue kuzitenga, mfundishe ka na ta zikiwa nzima.

Na hapa kuna mtego ambao walimu wengi tunauona kila mwaka. Mtoto akishaikariri "ma me mi mo mu" kwa mpangilio, inageuka wimbo, na wimbo anaweza kuuimba huku anaangalia dirishani. Utafurahi, utamwambia baba yake amejua, na siku ukimwonyesha "mo" peke yake ataanza kuimba toka mwanzo mpaka aifikie. Changanya kadi kila siku. Mtupie "to", kisha "mi", kisha "ka".

Akishika silabi hata nane tu, anza kujenga maneno. Usisubiri amalize zote. Mama. Kaka. Kuku. Moto. Kiti. Keki. Ukuta. Tikiti. Mpe kadi ajenge yeye, wewe usome, kisha mbadilishane. Zile kadi za "m" peke yake ni za mti, mtoto, mkate, mkeka. Hapo piga naye makofi: m-to-to, makofi matatu; m-ti, mawili. Asipopiga makofi atakuandikia "muti" na "mutoto", na hilo kosa linaweza kumfuata mpaka darasa la nne. Halafu, siku moja asipotegemea, mpangie mezani: *mama amekata mkate*. Sentensi nzima, na yote imo ndani ya zile kadi. Mtoto anayesoma sentensi yake ya kwanza huwa anaisoma mara nyingi bila kuombwa.

Baada ya hapo ongeza b, l, n, s, na utaona samaki, kitabu, bibi, mkasi zinaingia zenyewe. Herufi za kuunganika kama mb, nd, ny, ng, sh, ch ziache mwishoni, na ng' ya ng'ombe iwe ya mwisho kabisa. Asipozifikia kabla ya Januari, hakuna kilichoharibika.

Dakika zikifika, funga, hata kama anaomba aendelee. Hasa kama anaomba aendelee. Na asipotaka siku hiyo, soma wewe kadi tatu kwa sauti, zirudishe kwenye kopo, ondoka. Usibembeleze wala usikasirike.

Atoke nje. Nusu saa, zaidi ikiwezekana.

Kipande cha pili ni mkono. Watu wengi wanaanza na daftari. Mimi naanza na sinia. Mwaga unga kidogo kwenye sinia, mwache aandike kwa kidole, afute kwa kutikisa. Kosa lililo kwenye unga halibaki kumtazama. Ile chaki yako ya kuchorea kitambaa nayo ni nzuri, mpe na kitambaa chakavu cheusi. Angalia anaanzia wapi: herufi karibu zote tunaziumba kutoka juu kwenda chini, na o huanzia juu ikaelekea kushoto. Mtoto akizoea kuanzia chini, mwandiko wake utakuwa wa polepole siku zote na mkono utachoka upesi. Akigeuza b ikawa d, au akaandika 3 ikitazama upande mwingine, mwonyeshe bila kelele, umri wake bado ni wa makosa hayo. Na kama anatumia mkono wa kushoto, mwache nao. Asikudanganye mtu kwamba ni tabia ya kurekebishwa.

Neno la kwanza la kuandika kwa penseli liwe jina lake. Hilo atalihitaji siku ya kwanza shuleni, na ndilo neno pekee ambalo hajawahi kuuliza kwa nini analiandika.

Dakika 10 zinatosha. Wateja wakianza kuja, mkalishe karibu nawe na kopo la vifungo. Mwanangu, wewe unaishi ndani ya chumba cha hesabu na hujui! Walimu tunaokota vizibo vya soda barabarani tupate vihesabio, wewe unavyo vya kila rangi, vikubwa na vidogo, vya matundu mawili na vya matundu manne. Mwambie avipange apendavyo, kisha akueleze amevipangaje. Leo kwa rangi, kesho kwa matundu, keshokutwa kwa ukubwa. Mpe vipande vya vitenge atengeneze mfuatano: chekundu, bluu, bluu, chekundu, bluu, bluu, wewe uharibu kimoja, atafute ulipoharibu. Mkasi na sindano viwe juu, na asikae upande wa pedeli.

Kuhesabu kwenyewe kuna jambo moja la kupima kimyakimya. Mwambie ahesabu vifungo saba. Akifika saba, visambaze mbele yake, muulize: viko vingapi? Akijibu saba bila kuhesabu tena, ameelewa kwamba idadi haibadiliki kwa kutawanywa. Akianza upya, bado anaimba namba tu, hata kama anafika mia. Mtoto wa namna hiyo usimkimbize kwenye kujumlisha. Mrudishe kwenye vitu vitano, aguse kimoja kimoja, amalize kwa kusema "vyote ni vitano".

Akiwa sawa na kumi, funga njiti za kiberiti kumikumi kwa uzi. Kumi na mbili ni fungu moja na njiti mbili. Jina lenyewe linamwambia, na hapo lugha yetu inatusaidia sana. Tabu inaanzia ishirini. Thelathini haifanani na tatu, arobaini haifanani na nne, hamsini haifanani na tano. Sitini, sabini na tisini angalau zina harufu ya sita, saba na tisa, ila themanini tena imepotea. Usimkaripie akisema "kumi mbili" akimaanisha ishirini, maana amefikiri sawasawa, amekosa jina tu. Mpe jina, songa mbele. Na akikuandikia 102 kwa kumi na mbili, ujue ameandika kama alivyosikia: kumi, halafu mbili. Weka fungu na njiti mbili juu ya karatasi, andika 1 chini ya fungu na 2 chini ya njiti. Hili huchukua siku nyingi kukaa, mtoto akilipata leo kesho huweza kulipoteza.

Futi yako ya kupimia nguo pia itumike, ina namba 1 mpaka 150 upande wa sentimita. Apime meza, mlango, mguu wa baba. Asijue sentimita ni nini, haidhuru. Atajua kipi kirefu kuliko kingine na kwamba namba inaweza kulisema hilo.

Mchana ni jikoni. Achambue mchele au maharage, kazi ileile ya vidole na macho niliyoisema. Apange sahani: tuko wangapi, vijiko vingapi, kimepungua kimoja. Na mwelezee unachofanya huku unakifanya, kwa Kiswahili kizima chenye maneno yake: kuna kuosha, kusuuza, kuloweka, kuchuja, kukoroga, kusonga. Mtoto anayefika shuleni na maneno mengi kichwani anasoma kwa urahisi kwa sababu akishaunganisha silabi, neno linalotoka analitambua. Asiyewahi kulisikia "chuja" hata akilisoma hajui kama amesoma sawa. Kama yuko bibi anayezungumza Kiluguru naye, aendelee, hakuna kinachopunguka kwenye Kiswahili.

Sayansi uliyoiweka kwenye ratiba ndiyo hii. Ukitaka ya ziada, weka mbegu tatu za maharage kwenye pamba yenye maji ndani ya glasi, azitazame kila asubuhi. Unaona mzizi unatoka kwanza. Mwache akuambie yeye.

Akishakula alale, au ajilaze na kitabu chenye picha. Alasiri, jua likipungua, mtume gengeni, au nendeni wote kama barabara ina magari. Mpe sarafu ambazo zinahitaji kufikiri: mbili za 200 na moja ya 100, anunue nyanya za shilingi 500. Siku nyingine mpe ya 500 nzima anunue kitu cha 300 na akurudishie chenji, kisha uliza ni sarafu gani amerudishiwa. Watoto wa wafanyabiashara wadogo huja darasani wanajua kutoa kabla ya kuandika alama ya kutoa, na hii ndiyo siri yenyewe.

Kisha acheze. Acheze kwelikweli, na wenzake, uani, bila wewe kusimamia. Hapa ndipo baba yake alikuwa na hoja. Kombolela inafundisha kusubiri zamu na kuhesabu macho yamefumbwa. Mdako unafundisha mkono na jicho kwenda pamoja. Ugomvi mdogo wa nani ametoka unamfundisha kujieleza. Umehamia mtaa mpya, mtoto hana marafiki wa zamani, kwa hiyo michezo hii anaihitaji kuliko hata mwenzake aliyezaliwa hapo. Asichokuwa sahihi baba ni kudhani kucheza na kujifunza havikai nyumba moja. Ukimwacha acheze tu mpaka Januari bila kadi na bila vitabu, atafika la kwanza akiwa na furaha na bila silabi hata moja, kwenye darasa lililojaa, na kumfuata mmojammoja humo ni kazi ngumu.

Jioni ndiyo kipande cha tatu, na nakiacha mikononi mwa baba siku anazowahi kurudi. Paukwa! Pakawa! Hadithi yoyote, ya sungura na fisi, ya alivyokuwa mdogo, ya abiria aliyesahau mzigo. Akimaliza, mtoto aisimulie upya: nini kilianza, kikafuata nini, kikaishaje. Vitendawili navyo viingie hapo. *Nyumba yangu haina mlango.* Akijibu "choo" chekeni wote pamoja, kisha mpe jibu: yai. Siku ambazo baba kachoka sana, dakika tano zinatosha. Na Jumapili akiosha pikipiki, mtoto asome kibati cha namba: MC, kisha tarakimu moja moja, kisha herufi. Pikipiki za wenzake kijiweni nazo zina vibati. Hilo baba hataliona kama kusoma, wala mtoto, nawe usiwaambie.

Sasa Kiingereza. Kiondoe kabisa kwenye karatasi kwa sasa, kibakize mdomoni. Salamu, nyimbo, kuhesabu mpaka kumi, majina ya vitu vya nyumbani, ukijua kuyatamka vizuri. Sababu yangu si kukidharau. Mtoto yuko katikati ya kujifunza kwamba i husomeka i na e husomeka e. Ukimletea lugha ambayo i mara ni "ai" na e mara ni "i", unamvurugia kitu ambacho hajakikamata. Nimeona watoto waliosomeshwa lugha mbili kwa maandishi wakati mmoja wanasoma "kiti" kama "kaiti", wanatazama uso wako kuomba msaada. Akishasoma sentensi za Kiswahili bila kukwama, Kiingereza cha maandishi kitaingia kwa amani. Shule unayompeleka inafundisha kwa Kiswahili, hana cha kuchelewa.

Simu na televisheni: nusu saa ya kipindi cha watoto kwa Kiswahili wakati unamalizia nguo ya mteja haimuui mtu. Ila ukae naye mara mojamoja umuulize kilichotokea, na simu isiwe zawadi ya kumaliza kadi, maana siku ukikosa bando na kadi zitagoma.

Vitabu usinunue vingi. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake na vinasomwa bure. Fungua cha awali na cha darasa la kwanza kwenye simu, uone kinachofundishwa na kwa mpangilio gani, halafu kimoja kama unaweza kinunue cha karatasi ili awe na cha kushika. Daftari la mistari mipana, penseli mbili, wembe wa kuchongea uwe mkononi mwako. Inatosha.

Vipande hivi vya mezani vifanye siku nne kwa wiki. Siku ya tano ni ya soko, ya kwenda kusalimia, ya kufua. Na wewe ni fundi, najua Novemba na Desemba ni nguo za sikukuu halafu sare za shule zinafuata. Utakuwa unashona mpaka usiku. Miezi hiyo punguza mpaka kadi tano asubuhi na hadithi usiku, bila kujilaumu. Ndiyo maana nakuhimiza utumie vizuri hizi wiki zilizopo kabla kitambaa cha kaki hakijajaa sebuleni.

Utauliza Januari awe wapi. Mwalimu wa darasa la kwanza akimpokea mtoto anayetaja jina lake kamili na mahali anapoishi, anayekwenda choo na kunawa mwenyewe, anayesikiliza maelekezo mawili na kuyafuata kwa mpangilio, anayeshika penseli bila kukunja ngumi, anayesoma maneno mafupi ya silabi mbili tatu na kuhesabu vitu ishirini, atashukuru Mungu. Kinachozidi hapo ni nyongeza. Kama ikifika Novemba bado hatofautishi kadi hata za irabu, au anaisogelea kadi mpaka karibu na pua, au ukimwita kwa nyuma hageuki, usimwongezee masomo. Mpeleke hospitali wampime macho na masikio. Wengi walioitwa wazito darasani walikuwa hawaoni ubao.

La mwisho ni la nafasi yenyewe. "Mlete Januari" ya mdomo haitoshi. Uandikishaji huanza miezi ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo kuanzia Oktoba pita shuleni uulize, na aandikishwe mapema jina lionekane kwenye orodha. Elimu ya msingi ni lazima kisheria, na shule za serikali hazitozi ada, ila sare, madaftari na michango ya uji jiandae navyo; sare najua haikutishi. Watakuuliza cheti cha kuzaliwa. Kama hana, anza kukifuatilia RITA wiki hii, usisubiri Desemba. Na siku unayokwenda kumwandikisha nenda naye, aione shule, aone vyoo viko wapi, amsalimie mwalimu. Waulize pia walimu kama wanahitaji taarifa yoyote kutoka shule yake ya Dar; ukiipata mapema kwa simu, utaepuka safari ya basi wakati cherehani imekungoja.